Mwenye Yowe Hutangulia

Kijijini kwetu wapo watu wasiomwogopa chui. Asiyemwogopa yule mama sijamwona bado.

Tulimwita Mpiga Yowe, wakubwa kwa wadogo, mbele yake na nyuma yake, naye alilipokea jina hilo kama wenzake wanavyopokea cheo. Jina alilopewa na wazazi lipo, na anayelitaka akaliangalie kwenye kadi yake ya kupigia kura. Habari za kuzaliwa kwake na za ukoo wa baba yake nazo naziacha, maana yeye mwenyewe hakuzipenda. Ukimuuliza ana umri gani, anakuuliza wewe una ng'ombe wangapi, na hapo mazungumzo yanaisha.

Kwa msomaji asiye wa kwetu Tarime, yowe ni ule ukelele mrefu unaopigwa ng'ombe wakiibwa, nyumba ikiungua au fisi akiingia zizini. Ukilisikia unaacha jembe, unaacha ugali, unakimbilia linakotoka. Mwanamume asiyekwenda atajieleza mbele ya ritongo, yaani mkutano wa ukoo, na maelezo yake huwa hayatoshi. Lakini yowe lina sheria upande wa pili pia. Anayelipiga awe ameona kwa macho yake, na akishalipiga hakai nyumbani kusubiri habari. Anatangulia. Yeye ndiye anayeonyesha nyayo, na wengine wote wako nyuma yake. Likiwa la uongo, analipa beberu.

Sheria hii yeye aliijua mwilini. Aliwahi kupiga yowe la fisi alfajiri moja, kijiji kizima kikatoka na mikuki, kumbe ni punda wa jirani aliyekata kamba. Alilipa beberu bila kubisha. Kisha akaketi na wazee wakati wa kumla, akala kuliko yeyote, akasema nyama ya faini haina tofauti na nyama nyingine kama mtu ana meno. Nilikuwepo, na kweli alikuwa na meno.

Sauti yenyewe siwezi kuieleza ikaeleweka. Nitasema tu kwamba rimu ya lori iliyokuwa kengele ya shule yetu ilipoibwa, mwalimu mkuu alikwenda kumwomba msaada. Kwa wiki kadhaa tuliingia darasani kwa sauti yake akiwa amesimama mlangoni kwake, na kila akimaliza kutuita aliongeza maneno mawili matatu kuhusu mwizi wa rimu na mama aliyemnyonyesha. Rimu ilirudi yenyewe. Asubuhi moja tuliikuta imeegemezwa kwenye mlingoti wa bendera, imeoshwa.

Alivaa mabuti ya mpira masika na kiangazi, na koti la kiume lililokuwa la marehemu mume wake. Jumamosi alifunga kazi zake akaenda kusali, lakini ugoro aliuza hata Jumamosi, akisema Mungu alikataza kazi, hakukataza pua. Alikuwa mchoyo wa vitu na mkarimu wa matusi. Ukimwamkia shikamoo vizuri, atakuuliza umefanya kosa gani.

Na alikuwa na neno moja kwa watu wa ng'ambo ya mto, ukoo wa pili, ambao sisi na wao tumeibiana ng'ombe tangu ng'ombe walipoumbwa. Wezi. Akizungumzia mvua iliyoanzia kwao, ni mvua ya wezi. Hata hivyo tumbaku ya kusagia ugoro wake hakuinunua penginepo. Ilitoka kwa bibi mmoja wa huko huko ng'ambo, mkorofi kama yeye, aliyevuka nayo kila wiki akiwa ameifunga kwenye kanga. Wawili hao waliketi mchana kutwa wakitukanana kwa raha, na jua likishuka Mpiga Yowe alimsindikiza hadi mtoni. Alimwita mwizi wangu. Siku mwizi wake alipougua, alikosa hamu ya kula mpaka alipovuka kwenda kumwona.

Umeme ulikuwa haujafika kwetu, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kununua sola na kuanza kuchaji simu za watu. Alizipanga mezani nje ya nyumba yake, kila moja na kipande cha plasta chenye alama ya mwenyewe, na akakaa nazo juu ya kreti la soda kama mtu aliyetaga. Kusoma alikuwa hajui, lakini meza ile ilimfundisha mambo. Alinieleza siku moja kwamba simu ya mwenye mapenzi hufa usiku, simu ya mwenye biashara hufa jioni, na simu zote zikiletwa zimekufa kabla ya saa sita mchana, ujue vijana wanatafuna vita.

Alikuwa anasema kweli. Ukoo wetu ulikuwa na kundi la simu. Lilianza kwa nia njema kabisa, la misiba na harusi. Mtu akifiwa tunachangishana, binti akiolewa tunapeana habari. Kisha msimamizi wa kundi, kijana wa kwetu aliyeondoka zamani kwenda kutafuta maisha Dar es Salaam, akabadilisha picha ya kundi akaweka ngao na mikuki miwili, na yeye mwenyewe akajiita Jemedari. Tangu hapo misiba ikakosa nafasi. Kila asubuhi Jemedari alituletea video. Watu wanakimbizana, watu wanapigana, nyumba zinawaka. Wale watu walivaa nguo ambazo hakuna mtu wa Mara amewahi kuvaa, na nyuma yao kulikuwa na milima ambayo hatuna. Lakini alikuwa ameondoa sauti yao na kuweka nyimbo zetu za zamani za kusifu mashujaa, zile zinazofanya hata mzee mwenye fimbo akanyage chini. Kwa kuwa wimbo ulikuwa wetu, vita nayo ikawa yetu. Vijana ambao hawajawahi kumpiga hata mbwa walianza kutembea wamefungua vifua.

Baadaye nilikuja kujua kwamba watu wa ng'ambo nao walikuwa na kundi lao na Jemedari wao. Video zilikuwa zile zile. Kilichobadilishwa ni wimbo tu.

Mtu angedhani Mpiga Yowe alizichukia video hizo. Alizipenda. Kijana akija kuchukua simu yake, alimwambia amwonyeshe vita kwanza, na akiona mtu anakimbia vizuri na mkuki alipiga makofi, akasema huyo ana miguu ya mume wangu. Alikuwa binti wa watu wa ng'ombe na nyimbo zile zilikuwa kwenye damu yake kabla hazijafika kwenye simu. Ila kila video alikuwa na swali lake moja, akiweka kidole chenye ugoro juu ya kioo.

"Na huyu aliyelala hapa, ni wa nani?"

Kijana alijibu hajui. Alimuuliza mama yake yuko wapi, waliomzika ni akina nani. Hajui. Basi alimrudishia simu yake na kumwambia damu ya kwenye simu haina nzi, ndiyo maana mnaiangalia mkiwa mnakula. Vijana walicheka, wakaenda, kesho wakarudi na nyingine. Mimi pia nilicheka.

Habari ya mume wake aliisimulia mara moja tu, na si kwa sababu nilimuuliza. Tulikuwa tunapukuchua mahindi. Alisema ng'ombe waliibwa mchana, yeye ndiye aliyewaona wakitoka, akapiga yowe, akatangulia kama sheria inavyotaka. Mume wake alitokea shambani akamkuta njiani akikimbia. Alikuwa na miguu mizuri. "Alinipita," akasema. Jioni wakamrudisha wamembeba juu ya mlango. Aliendelea kupukuchua, nami nikaendelea, mpaka gunia lilipojaa.

Sasa siku ya mtoni.

Dada yangu Ghati aliolewa Machochwe, upande wa Serengeti, na ng'ombe wa mahari yake walikuwa zizini kwetu. Kwa desturi yetu ng'ombe wa dada humwolea mke kaka anayemfuata, na anayemfuata Ghati ni mdogo wangu Mwita. Lakini baba yetu alikuwa na mawazo mengine. Alikuwa ameanza kupaka viatu rangi na kuulizia habari za mjane mmoja, na kila Mwita alipotaja ndoa, baba alisema ng'ombe bado wamekonda kwa safari. Mwita hakubishana. Alikwenda tu kulala karibu na zizi, akisema analinda mali.

Asubuhi hiyo, kiangazi baada ya mavuno, mama aliamka akakuta zizi liko wazi. Ng'ombe hakuna, Mwita hakuna. Baba alikuwa hajapata hata fimbo yake, simu zikaanza kulia. Kulikuwa na video iliyopigwa kutoka mbali, juu ya kilima: ng'ombe wanaingia mtoni kwenye ukungu na mtu mwenye kofia anawaswaga kuelekea ng'ambo. Chini ya video waliandika kwamba ng'ombe wetu wanavushwa na mchungaji ameuawa. Ikafuata picha ya mtu amelala, amefunikwa shuka, miguu tu inaonekana. Ukafuata wimbo. Kisha sauti ya Jemedari mwenyewe, ikituuliza wanaume wa ukoo huu tunasubiri nini wakati damu ya ndugu yetu inalia.

Niliitazama ile miguu. Ningeapa mahakamani kwamba ni ya Mwita. Niliona hata kovu la kidole alichokatwa na jembe akiwa mdogo. Mama alianguka mlangoni, na mimi nikachukua upinde wa baba ukutani na kutoka mbio. Nilikuwa na uchungu ambao sijawahi kuwa nao, na juu ya ule uchungu nilikuwa na kitu kingine kinachofanana na furaha, kwa sababu wimbo ulikuwa unaimba mfukoni mwangu na nilijiona mkubwa.

Tulipofika mtoni tulikuwa umati. Ng'ambo nao walikuwa wamejaa ukingoni, maana kundi lao lilikuwa limewaambia tunakuja kuwachoma moto. Mto wetu kiangazi unakufika magotini. Tulionana sura. Pinde zilikuwa zimevutwa pande zote mbili, na pande zote mbili kulikuwa na watu wameinua simu kupiga picha kabla hakujatokea chochote. Marwa, fundi baiskeli wetu, mtu mpole sana siku nyingine, alikuwa amejichora uso kwa majivu.

Mpiga Yowe alifika nyuma yetu akitembea. Hakukimbia. Alikuwa na mabuti yake, koti lake, na kikapu cha simu za watu alizoogopa kuziacha mezani. Alipita katikati yetu akitusukuma kwa kiwiko hadi akafika maji yalipo, akageuka.

Alisema ameona watu wanakimbia, lakini yowe hakulisikia, na masikio yake ni mazima. Nani amelipiga?

Watu waliinua simu.

Akauliza aliyelipiga aliona kwa macho yake? Simu zikashuka. Akauliza yuko wapi basi, atangulie, tumechelewa. Marwa akajibu, kwa sauti ndogo kidogo kuliko ile aliyokuja nayo, kwamba yuko Dar es Salaam.

"Basi tukae," Mpiga Yowe akasema. "Tumsubiri afike."

Akaketi kabisa, kwenye jiwe, akatoa ugoro. Kuna waliomtukana. Mimi sikumtukana, nilimwendea nikilia, nikamwambia, "Mama, wamemuua Mwita." Akaniuliza kama nimemwona. Nikasema nimeona miguu yake.

"Ya kwenye simu?"

Akachagua simu kwenye kikapu, ya mtu fulani, imejaa chaji, akanikabidhi na kuniamuru nimpigie huyo Jemedari na niweke sauti ya nje kila mtu asikie. Nilifanya hivyo kwa sababu nilikuwa sijawahi kumkatalia kitu tangu nizaliwe. Iliita mara chache, kisha sauti nzito ikasema, Jemedari hapa.

"Hujui kuamkia?" Mpiga Yowe akamuuliza.

Sauti ikapungua. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye yowe?"

"Ndiyo, mama. Waambie vijana wasirudi nyuma."

"Uliona?"

"Nimetumiwa."

"Na aliyekutumia aliona?"

"Naye ametumiwa, mama. Lakini ni ya kweli."

"Haya. Sisi tuko mtoni tunakusubiri utangulie. Unafika saa ngapi?"

Jemedari alianza kueleza mambo ya heshima ya ukoo. Hakufika mbali. Nyuma yake, wazi kabisa, sauti ya mwanamke mwenye haraka ikamwambia wewe, acha simu, wateja wa kule mwisho wanasubiri supu.

Aliyeanza kucheka simjui. Nadhani ilikuwa ng'ambo, maana maji hubeba sauti na simu ilikuwa ya zile za kelele. Kicheko kilivuka kikaja kwetu, kikarudi kwao, kikaja tena, na mtu ambaye anacheka hawezi kushika upinde uliovutwa. Mikono yenyewe inakataa. Marwa alicheka mpaka machozi yakamchora mistari kwenye yale majivu. Ni Mpiga Yowe peke yake ambaye hakucheka.

"Kapeleke supu, mwanangu," akasema kwenye simu, na alisema kwa upole ambao sijausikia kwake kabla wala baada. "Hiyo ni kazi ya heshima. Hii ya kutuma watu kufa siyo kazi yako."

Akaniambia nikate simu. Kisha akasimama, akageukia maji.

"Sasa yowe ni langu," akasema. "Natangulia mimi. Na asinipite mtu."

Akaingia mtoni. Waliojua habari ya mume wake walielewa, na wasioijua waliona tu uso wake. Wanaume wote wale, na mishale yote ile, hakuna aliyesogea mbele yake hata hatua moja. Tulimfuata polepole, maji yanaingia kwenye mabuti yake, mpaka akafika katikati, na hapo akasimama akaifungua ile sauti. Nilikuwa nyuma yake na bado nilijishika masikio. Hakuita vita. Alimwita mwizi wake, yule bibi wa tumbaku, kwa jina lake kamili, akamwambia anataka ng'ombe wake na tumbaku yake, na asipovipata leo atalala hapo hapo majini.

Umati wa ng'ambo ulipasuka katikati. Bibi akatoka, kanga imefungwa kichwani, mikono ina mafuta mpaka viwiko.

"Ng'ombe wako wanakula majani," akajibu, "na mwana wenu anakula nyama kwangu tangu asubuhi. Mlitaka tumtapishe?"

Nyuma yake akatoka Mwita. Alikuwa anajifuta mdomo. Alikuwa amevaa shati langu, lile jipya, ambalo nilikuwa nimelitafuta siku mbili.

Kumbe alikuwa amekwenda kuoa. Alimwona Robi, mjukuu wa yule bibi, kwenye mnada wa ng'ombe, wakapatana, na alipoona viatu vya baba vinazidi kung'aa akaamua kutoa mahari kabla ng'ombe hawajapata safari nyingine. Mtu wa kofia kwenye video alikuwa yeye mwenyewe. Sisi tulikuwa tumekuja kumlipia kisasi kwa wakwe zake, na tungeanza na mkwe aliyekuwa ameshika kisu cha kukatia nyama.

Nilivuka maji yaliyobaki sijui vipi. Nilimpiga kofi, nikamkumbatia, nikatazama miguu yake. Kovu lilikuwepo kidoleni. Ile miguu ya kwenye picha ilikuwa ya mtu mwingine, mtoto wa mama mwingine, mahali ambapo mpaka leo sipajui. Namfikiria mara nyingi. Lakini siku ile niliimba. Wanawake wetu walipofika mtoni na kuona jinsi mambo yalivyo, walipiga vigelegele, wa ng'ambo wakajibu, na mama yangu alivuka akiwa amebebwa na watu wawili ambao asubuhi walikuwa adui. Gari la polisi lilipofika, cha kutawanya kilikuwa mbwa na mifupa. Baba alinuna mpaka alipopewa kibuyu cha pombe na kiti cha mbele. Mjane, tulikuja kusikia, alikuwa hamtaki tangu mwanzo.

Ile siku ilipigwa video, bila shaka. Mpiga Yowe amesimama katikati ya mto na koti la mume wake. Haikusambaa sana. Hakuna aliyekufa.

Jemedari alihukumiwa na ritongo kama mwenye yowe la uongo yeyote, beberu mmoja, na kwa heshima yake nasema alikuja mwenyewe Desemba kulipa. Kijana mwembamba, mpole, anayeosha vyombo baada ya kula. Mpiga Yowe alimpokea kwa chai. Kesho yake asubuhi alimchukua kwenda kumsalimia bibi wa ng'ambo, na kwenye njia ya mtoni, ambako majani yamejaa umande mpaka kiunoni, akampisha. "Tangulia," akamwambia. Jemedari alifika ameloa chapachapa na wenyeji wakamcheka, naye akacheka. Aliporudi Dar es Salaam aliondoa ile ngao. Siku hizi kwenye picha ya kundi kuna beberu.

Mimi niko Bomani sasa, mjini Tarime, nauza vipuri vya pikipiki, na nyumbani nakwenda mara chache. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka huu, mvua za kwanza zikiwa zimeanza. Nilikuwa nimeambiwa Mpiga Yowe aliugua koo na sauti haikurudi, lakini kuambiwa na kusikia ni mambo mawili. Nilimkuta kwenye kreti lake, meza iko mbele, ingawa umeme umeshafika na kila nyumba ina soketi. Simu zilikuwepo mezani. Watu wanaendelea kumpelekea. Wengine kwa mazoea, wengine hawathubutu kuacha. Nilimwamkia. Akanijibu kwa kunong'ona, akaniuliza nimefanya kosa gani. Nilisikia uchungu mkubwa kuona ile sauti imekwisha namna hiyo, nikageuza uso kidogo, na yeye akaona, akanikanyaga mguu kwa buti.

Robi alipita na ndoo ya maji, mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa analia, na nikamwambia Robi huyu ana sauti. Mpiga Yowe akatikisa kichwa, kwamba bado, bado sana.

Nikakumbuka kilichonipeleka. Wiki ile kulikuwa na uvumi wa ugomvi wa malisho. Mtu asiyejulikana alirusha sauti kwenye kundi letu, wimbo ule ule wa zamani, picha za moto, kwamba wa ng'ambo wamechoma boma na vijana watoke. Nilimwambia nimsomee walivyomjibu. Akasogeza kreti.

Nikasoma. Wa kwanza alikuwa Marwa, fundi baiskeli: Umeona kwa macho? Tangulia. Wa pili: Tangulia, tunakufuata. Mwingine: Uko wapi, tuje tukusindikize utangulie. Tangulia. Tangulia. Jemedari mwenyewe, kutoka huko kwenye supu zake: Tangulia, ndugu yangu, mimi niliwahi kujaribu. Yalikuwa mengi, nikawa navuta kwa kidole na kusoma tu, na Robi alitua ndoo akasimama kusikiliza. Mwishoni yule mtu alifuta ujumbe wake akaondoka kwenye kundi. Boma lililosemwa limechomwa lilikuwa zima, na wenye boma walikuwa wanapanda mahindi.

Mpiga Yowe akanivuta shati niiname.

"Na wa ng'ambo je?"

Nikamwambia Mwita amenionyesha kundi la wakwe zake. Uvumi ulikwenda na huko, kwamba sisi ndio tuliochoma. Nao wamejibu hivyo hivyo, neno lile lile, kuanzia juu mpaka chini.

Mabega yake yalianza kutikisika. Nilidhani analia, nikashika mkono wake, kumbe anacheka, kicheko kizima cha zamani, isipokuwa hakitoi sauti.

"Si nilikwambia ni wezi?" akanong'ona. "Wameniibia mpaka neno langu."

Nikamuuliza kama nipige yowe la wizi huo. Akaniangalia toka juu mpaka chini, na suruali yangu ya mjini na viatu vyangu, akainama kufunga koti la mume wake.

"Lipige," akasema. "Na tumbaku yangu imeisha."

Nikalipiga, vibaya, watu wakatoka milangoni kutazama. Kisha nikashika njia ya mtoni, mimi mbele, umande unaniloanisha mpaka kiunoni, na nyuma yangu nikiyasikia mabuti yake yanakuja.